Aliyefagia Nyayo Zetu

Majivu ya mkorosho yana harufu yake. Si kama ya mkaa wa dukani. Yana ukali fulani wa utomvu, ukiyasogelea yanakuwasha ndani ya pua, na mimi yakiniwasha puani basi na unyayo wa mguu wa kushoto nao unanitekenya, sijui kwa nini. Jumamosi iliyopita nilikuwa nayanyunyiza uwanjani kwangu hapa Mkomaindo, nyuma ya nyumba ninayopanga, mahali ninapowafundisha ngoma watoto kumi na mmoja wa mtaani. Mama wa mtoto mmoja, Mama Brayan, alikuwa amesimama pembeni ananirekodi kwa simu. Watoto walipomaliza nikachukua ufagio.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Mbona kila siku mkimaliza unafagia wewe mwenyewe? Si uwaachie watoto?"

Nikacheka, nikamwambia ni mazoea tu. Yeye hakucheka. Akauangalia ufagio, akayaangalia majivu, akamshika Brayan mkono akamvuta taratibu, kama unavyomwondoa mtoto karibu na mbwa usiyemjua.

Sikumlaumu hata kidogo. Jicho lile nalijua. Niliwahi kuwa nalo mwenyewe nikiwa na miaka tisa, kule Chilangala, na likamfukuzisha mtu kijijini.

Mwaka wa nyuma yake nilikuwa nimeanguka kutoka juu ya mkorosho, nikifuata bibo moja jekundu ambalo mpaka leo nadhani lilikuwa tamu kuliko yote duniani, maana sikulipata. Mguu wa kushoto ukavunjika. Fundi wa mifupa akaufunga kwa vijiti, ukaunga, ila ukaunga mfupi kidogo. Nikisimama hujui. Nikitembea ndipo unaona: hatua moja nzima, inayofuata imekatika. Zaituni, binti wa jirani yetu, akanitungia wimbo: "Moja, nusu! Moja, nusu!" Watoto wote wakaushika. Na lazima nikiri ulikuwa na mdundo mzuri. Kuna siku nilijikuta nauimba mwenyewe njiani, nikashtuka, nikanyamaza.

Sasa mtoto kama huyo, na bado ndoto yake ilikuwa kucheza ngoma. Shule za jirani zilikuwa zikutane Newala kwa michezo, na kila shule ipeleke ngoma yake. Nilikuwa nataka kuwemo katika ule mstari kuliko nilivyotaka chakula cha sikukuu. Nilijua sitachukuliwa. Nilitaka tu.

Ndipo akaja Mwalimu Somoe. Kwao Mkunya, lakini miaka mingi alikuwa Dar es Salaam akicheza katika kikundi cha ngoma, na sasa amerudi na sanduku moja la bati na goti linalouma. Hakuwa mwalimu wa darasani. Mwenyekiti wa kijiji alimwomba atuandae kwa ajili ya Newala, akapewa chumba nyuma ya ghala la zamani la korosho, na uwanja wa ghala ukawa wa mazoezi. Akaangalia watoto wote waliojitokeza, kumi na saba, akasema, "Nawachukua wote." Nikageuka nyuma kuona kama anazungumza na watu wengine.

Shida ilianza siku ileile. Hakuleta ngoma. Alitusimamisha, akasema fumbeni macho, msikilize miguu yenu. Kisha akatutembeza. Siku ya pili, kutembea. Siku ya tatu, kutembea. Wiki mbili nzima tunatembea kwa mstari, mara polepole, mara polepole zaidi, na anasema kwa sauti ya chini, "Zaituni, punguza. Punguza tena. Hapo. Wengine mfuateni."

"Wangu alianza kutembea ana miezi kumi," Mama Zaituni akamwambia mama yangu, wamekaa barazani wanabangua korosho. "Leo ana miaka kumi na moja, nimpeleke akafundishwe kutembea?"

"Labda ndiyo mtindo wa mjini," mama akasema.

"Mtindo! Na mwalimu gani hashiki fimbo? Mama Rehema, mimi nimesoma mpaka la saba, sijaona mwalimu asiyechapa. Mtu asiyechapa watoto wa wenzake ana kitu anakitafuta kwao."

Hata ngoma zilipoletwa, zikapashwa moto wa nyasi mpaka ngozi zikakaza na kulia vizuri, wasiwasi haukupungua. Kina mama fulani walikuja kutazama, wakauliza mbona wasichana hawakati viuno, ngoma gani hiyo. Mwalimu Somoe akawajibu kwa adabu, "Viuno vyao vina mwalimu wake na wakati wake. Si mimi, na si sasa." Wengine wakaridhika, wengine wakasema anajifanya. Kungwi wa kijiji, anayewafunda wasichana, ambaye mngedhani angefurahi kuachiwa kazi yake, ndiye aliyetia shaka zaidi: huyu mtu anayajuaje mambo ya kutoyagusa?

Halafu majivu. Kwetu huko juu maji ni shida, maji ya ndoo hayamwagwi chini kulaza vumbi, utaonekana umerogwa. Kwa hiyo Mwalimu akasema kila mtoto alete konzi moja ya majivu kutoka jikoni kwao. Tukaleta. Akayatandaza uwanjani, membamba kama unga juu ya ungo, tukacheza juu yake. Tukimaliza anatuambia, "Haya, nyumbani. Msikanyage katikati, piteni pembeni." Tukiwa mbali tunamwona amechuchumaa peke yake, anatazama chini. Kisha anafagia uwanja wote.

Majivu ya jikoni kwenu, mikononi mwa mgeni. Nyayo za mwanao, juu ya majivu hayo. Mtu wa kwetu huhitaji kumweleza zaidi.

Na nyumbani kwetu palikuwa na sababu ya ziada. Bibi, mama yake mama, alikuwa na mguu uliovimba kama kinu. Hospitali walisema ni matende, wakampa vidonge. Nyumbani ilisemekana kuna mtu alizoa mchanga wa unyayo wake njiani kuelekea shambani. Mama alivipokea vidonge na ile habari akaibakiza. Kila asubuhi alikuwa anamkanda yule bibi mguu huku midomo yake inakwenda kimya kimya, na mimi nikimtazama nilikuwa najua kuna jina analisema, ila sikuwahi kulisikia.

Basi siku moja akaniita. "Rehema, mwanangu. Leo mkiambiwa mwende, usije. Kaa nyuma ya uzio umwangalie anafanya nini. Halafu uje uniambie, mimi tu."

Nilijihisi mkubwa kweli. Nikapita pembeni na wenzangu, nikazunguka ghala, nikajibana nyuma ya uzio wa mianzi. Jua lilikuwa bado lipo, uwanja unang'aa mweupe na nyayo zetu zote zimeandikwa juu yake.

Mwalimu Somoe alichuchumaa kwa shida, mkono juu ya goti. Akawa anasogea unyayo mmoja hadi mwingine, kama mama anayechambua mchele. Akafika kwenye mstari mmoja akasimama. Nikaujua. Hakuna mwingine Chilangala nzima aliyekuwa na moja, nusu. Akaokota bua kavu la mtama, akalilaza kutoka kisigino changu cha kulia mpaka kisigino changu cha kushoto, ile hatua iliyokatika, akalivunja hapohapo lilipoishia. Sauti yake, tak, mpaka leo iko masikioni. Akakipeleka kile kijiti kwenye nyayo za Zaituni, akakipima pale, akatikisa kichwa. Akakipeleka kwa mwingine. Akatabasamu. Kisha akakifunga katika ncha ya kanga yake, akachukua ufagio.

Nilikimbia. Mtoto mwenye mguu mfupi anaweza kukimbia, nawaambia. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: amenivunjia mguu mara ya pili. Ameuchukua, ameufunga kwenye kanga, sasa anawatafutia wengine wanaolingana nao. Mpaka nafika nyumbani mguu ulikuwa umeanza kuwasha, na nikaukagua kama umeanza kuvimba.

"Amefanya nini?" mama akauliza.

"Anapima nyayo. Kwa kijiti. Halafu anakivunja anakificha kwenye kanga."

Mama akaweka chini mwiko. "Nyayo za nani?"

Hapa ndipo pangu. Hapa ndipo ninaporudi kila nikinusa majivu. Mama alikuwa hawezi kuutaja mguu wangu bila macho kumjaa machozi. Alikuwa anaamini ni kosa lake, kwamba siku ile angeniita mapema nisingepanda mkorosho. Nikamwonea huruma. Sikutaka aulie tena. Nikasema, "Za watoto wote."

Neno dogo tu. Mama alisema nimwambie yeye peke yake, na nadhani alikusudia hivyo, lakini watoto wote maana yake ni watoto wa watu. Asingeweza kukaa nalo. Akajifunga kanga ya pili, akatoka kwenda kwa Mama Zaituni.

Kesho yake, baada ya swala ya alasiri, watu walijaa mbele ya ofisi ya kijiji. Watoto tuliambiwa tukae mbele, ili ionekane wanaodhulumiwa ni akina nani. Mwalimu Somoe alisimama. Hakuna aliyempa kiti, pamoja na lile goti.

"Tunataka hicho kijiti," akasema Mama Zaituni. "Tusizunguke."

Mwalimu akafungua ncha ya kanga yake, akakitoa. Watu wakavuta pumzi. Mimi nilishangaa kilivyokuwa kidogo.

"Ni kipimo cha hatua," akasema.

"Cha hatua za watoto wetu wote?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana. Cha mtoto mmoja."

"Tumeambiwa wote."

"Aliyewaambia hakuona vizuri. Ni mmoja."

"Haya, mtoto gani? Na kwa nini huyo?"

Mwalimu akatutazama. Macho yake yakaanza upande mmoja wa mstari, yakapita kwa kila mtoto, kwangu yakapita kama yalivyopita kwa wengine, hayakusimama. Yakafika mwisho. "Simtaji," akasema.

Kelele zikaanza. Mwenyekiti, ambaye nadhani alikuwa anampenda, akanyanyua mkono. "Mwalimu, tusaidie tukusaidie. Mtaje, tumwite mzazi wake, umweleze, yaishe. Ukimtaja wewe utabaki."

"Nikimtaja hapa mbele ya watu, mwenyekiti, nitakuwa nimemfundisha nini?"

"Mnaona!" Mama Zaituni akasema. "Anajua akimtaja, mzazi atakwenda kumtazama mtoto wake akute mambo."

Mimi nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu. Nilikuwa na neno moja mdomoni, "changu," na lilikuwa kama kokwa la embe: halitoki, halimezeki. Nikisema changu, mama ataona nilimdanganya mbele ya kijiji kizima. Nikisema changu, watu wote watageuka wautazame mguu. Mama alikuwa nyuma yangu ameniwekea mkono begani, mkono wa kulinda, nao ulikuwa mzito.

Mama Zaituni akakichukua kijiti akakitupa kwenye moto wa mama lishe aliyekuwa jirani. Bua la mtama haliungui kwa muda mrefu.

Asubuhi Mwalimu Somoe aliondoka kwa bodaboda, sanduku la bati limefungwa nyuma. Tuliokuwa tunakwenda shule tulikutana naye njiani. Tukasimama, hatujui tumwamkie au tukimbie. Yeye akamsimamisha dereva. "Njuga nimeziacha kwa mwalimu mkuu," akasema. "Mkizifunga miguuni msizikaze, zitawaumiza." Basi. Pikipiki ikaenda.

Newala tulikwenda hivyohivyo. Mwalimu wetu wa michezo alisema ngoma mnaijua, Zaituni aongoze. Na kweli tuliijua. Ngoma zikalia, tukaingia uwanjani, njuga zinacheka, mimi moyo unanipanda mpaka kooni kwa furaha. Mzunguko wa kwanza nikawa nyuma hatua moja. Wa pili, hatua tatu. Wa tatu mstari ulikuwa umeshageuka na mimi bado nakwenda, njuga zangu zinalia peke yake baada ya zao kunyamaza. Mtu akacheka. Kisha nikasikia, kutoka kwa watoto wa kwetu, si wa shule nyingine, "Moja, nusu! Moja, nusu!"

Nilimaliza. Hilo najisifu nalo. Nilicheza mpaka mwisho na machozi yananichuruzika, nikafika kwenye mstari wakati wenzangu wameshainama kushukuru.

Lori lilituteremsha njia panda ya Chilangala, tukatembea. Mama, aliyekuja Newala kututazama, alikuwa mbele kidogo. Ghafla akasimama bila kugeuka.

"Rehema. Kule ghalani kwa yule mwalimu nilikuja kukutazama mara mbili. Hukunijua, nilijificha. Ulikuwa unawafikia."

"Ndiyo, mama."

"Mstari ulikuwa umenyooka kama uzi. Na wewe uko katikati. Leo imekuwaje?"

Nikafungua mdomo kusema sijui, na palepale nikajua. Punguza, Zaituni. Punguza tena. Hapo. Wengine mfuateni. Zile wiki mbili za kutembea, tulizodhani anatufundisha adabu au anapoteza muda, alikuwa anawafupisha. Watoto kumi na sita, wenye miguu mizima, walikuwa wanajifunza kucheza kwa urefu wa hatua yangu, na hakuna aliyejua, hata mimi mwenyewe sikujua. Nilidhani nimepona.

"Mama," nikasema, "kile kijiti kilikuwa changu. Cha mguu huu. Sikukwambia."

Mama alikaa chini ukingoni mwa barabara, kwenye mchanga mwekundu, na kanga yake ya kutokea. Sikuwahi kumwona akikaa hivyo. Akakaa, akakaa. Kisha akanyanyuka, akajipangusa, akanishika mkono, tukaendelea. Na nikaona kitu: tangu nivunjike nilikuwa nikitembea na mama ninamkimbilia. Siku ile sikumkimbilia. Alikuwa anaangalia chini, anahesabu.

Hatukuwahi kulizungumza tena. Bibi mguu wake ulibaki hivyohivyo, vidonge vikaendelea, ila asubuhi mama akimkanda, midomo yake ilikuwa imetulia. Kama lile jina alilitupa au alilimeza, sijui. Sikuuliza.

Shule yangu iliishia kidato cha pili. Nilipokaa nyumbani sina la kufanya, mama akaniambia kama mtu anayezungumza na sufuria, "Mkunya si mbali." Nikaenda. Nilimkuta Mwalimu Somoe uani kwake anamenya muhogo, kanipa mgongo. Sijafika hata karibu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Rehema," akasema, hajageuka.

"Umenijuaje?"

"Nimekusikia tangu kwenye mwembe wa jirani. Hatua yako naijua."

Nikamweleza yote, nimesimama, haraka haraka: uzio, kijiti, "watoto wote," kokwa la embe. Aliendelea kumenya. Nilipomaliza akasema, "Najua. Jioni ile nilipomaliza uwanja, nikazunguka nyuma ya uzio kutupa taka. Nikakuta nyayo kwenye vumbi. Ndefu, fupi, ndefu, fupi, halafu zimekimbia."

"Kwa hiyo pale ofisini ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukafanyaje? Zile nyayo?"

"Nikazifagia. Nilijua kesho watakuja watu pale na macho yao." Akatupa ganda. "Usidhani sikukasirika. Nilikasirika kutoka Chilangala mpaka hapa, yule wa bodaboda atakwambia. Lakini mtoto anayechungulia bado anajifunza. Nyayo za mazoezi ni za mtoto na mwalimu wake. Mwingine akizisoma anasoma kasoro tu." Akanisukumizia kisu na kigoda. "Kaa, umenye. Kisha utanionyesha unavyopunguza."

Nilikwenda kwa siku moja, nikakaa miezi mitatu.

Leo ni Jumamosi tena. Kati ya watoto wangu kumi na mmoja yupo mmoja mwenye hatua fupi kuliko wote, na kijiti chake kiko kwenye ncha ya kanga yangu. Mkiniuliza ni nani, simtaji. Brayan amekuja, ameletwa na dada yake. Mama yake, amesema dada, ana kazi nyingi leo. Tumecheza, wameondoka wakipita pembeni, nimesoma nilichotaka kusoma, nimefagia.

Kisha nikazunguka nyuma ya uzio wa mabati kutupa taka. Nikakuta nyayo za ndala kwenye vumbi, kubwa, za mtu mzima, zimesimama muda mrefu mahali pamoja, mbele ya tundu la msumari kwenye bati. Kisigino cha kulia kimelika upande wa nje. Nikazitazama kidogo, nikacheka peke yangu, nikazifagia.